Mkuyu Ndani ya Chungu

Simeoni alileta mti wa tatu wiki ile ile Kristina alipoanza kufunga kanga juu ya kitovu.

Kristina alikuwa ameketi mlangoni mwa tembe akipepeta uwele. Alimwona mzee akija kutoka upande wa majabali, akichechemea, amekumbatia kitu kilichoviringishwa katika blanketi kuukuu, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alipolifungua blanketi, ndani mlikuwa na mkuyu. Haukufika urefu wa mkono wa mtu, lakini shina lake lilikuwa nene na la kizee, na mizizi yake ilikuwa bado imekumbatia kipande cha jiwe ulikoota.

“Wa tatu,” Kristina alisema moyoni. Ungo ukatulia mapajani mwake.

“Umeamkaje, shemeji?” Simeoni aliuliza.

“Shikamoo,” alijibu Kristina, bila kumtazama usoni.

Simeoni hakuwa mtu wa Mtinko. Alikuwa mrina asali wa Rungwa, na alimwoa Maria, dada mkubwa wa Damiani, mume wa Kristina. Maria ndiye aliyemlea Damiani baada ya mama yao kufariki. Kisha Simeoni akaanguka kutoka juu ya mninga akitundika mzinga, nyonga ikavunjika ikaunga vibaya. Mwaka uliofuata Maria akafa. Serikali ilipowahamisha watu wa kijiji chao kwa sababu ya malale, mzee hakuwa na mtu wala mahali. Damiani akasema, “Njoo kwetu.” Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita, wakati Damiani alipoanza kazi ya kung’oa pori kule Kongwa, kwenye shamba kubwa la Wazungu la karanga.

Mwaka wa kwanza Simeoni alichimba mpingo mdogo uliodumaa miambani, akaupanda katika chungu kilichopasuka mdomo. Mwaka huo Kristina alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi wiki moja. Mwaka wa pili mzee alichimba mgunga, akautia katika chungu cha pili. Mtoto wa pili hakulia hata mara moja. Wote wawili walizikwa na wanawake nyuma ya nyumba, kimyakimya, maana mtoto ambaye hajaota meno hawekewi matanga. Kristina alirudi shambani na jembe lake, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Elina alikuwa wa kwanza kuyasema kwa mdomo. Yeye alikuwa binti wa baba mdogo wa Damiani, na mji wake ulikuwa ng’ambo ya shamba la mtama.

“Wifi, hesabu vizuri,” alisema, akivunja kijiti cha kuwashia moto. “Chungu cha kwanza, ukazika. Chungu cha pili, ukazika. Hiki cha tatu anamtengenezea nani? Mimi? Mimi nimeshafunga duka.”

“Acha, wifi. Ni mzee na michezo yake.”

“Michezo! Umewahi kuona mtu mwenye akili anafuga mti kama kuku?” Elina akasogea karibu. “Kazi ya mti ni kukua. Anayeweza kuuzuia mti usikue, ni kitu gani kingine hawezi kukizuia?”

Kristina alicheka, lakini kicheko hakikumfikia machoni. Tangu siku hiyo alianza kumchunguza.

Alihamisha mtungi wake wa maji, akauweka ndani ya chumba alicholala. Chakula akawa anapakua mwenyewe. Kila mzee alipoketi na vyungu vyake nyuma ya ghala, Kristina alipata kazi upande huo: kuanika mlenda, kuokota kuni, kufukuza mbuzi ambao hawakuwapo.

Vyungu vilikaa juu ya bapa la jiwe, na jiwe lilikuwa limezungushiwa majivu. Majivu ya nini? Mzee hakusema, naye hakuuliza. Siku moja alimwona akikata mzizi wa mkuyu kwa kisu chake cha kurinia asali. Mahali alipokata pakatoka utomvu mweupe, mzito, ukatiririka hadi kwenye udongo. Mzee aliupangusa kwa kidole gumba kama mtu anayempangusa mtoto mdomo. Kristina alijishika kifua. Maziwa, aliwaza. Anayakamua maziwa yangu kabla hayajaja.

Siku nyingine alimkuta na waya. Ulikuwa waya mwembamba uliofungia masanduku kule Kongwa. Damiani mwenyewe ndiye aliyemletea mzee kama zawadi. Simeoni aliuzungusha kwenye tawi la mkuyu, mzunguko baada ya mzunguko, kisha akalikunja tawi lile taratibu mpaka likaelekea chini. Huku akikunja alikuwa anazungumza peke yake, kama walivyozoea warina asali wanaokaa porini bila mwenzao.

“Wenzake walinisumbua,” alisema. “Lakini huyu nimemfunga mapema. Huyu haendi popote.”

Kristina alirudi ndani. Huyu. Nimemfunga.

Kesho yake, mzee alipokwenda kisimani, Kristina alikwenda nyuma ya ghala peke yake. Alipiga magoti mbele ya mkuyu akajaribu kuufungua waya. Waya ulikuwa umekaza, akavuta, na tawi likakatika kwa mlio mdogo. Utomvu ukamdondokea kiganjani. Aliupangusa kwenye kanga, akaupangusa tena kwenye nyasi, akahisi haujatoka.

Alasiri hiyo tumbo lilimkaza. Likaachia, likakaza tena. Alilala ubavu mpaka jua lilipopoa, na tumbo likatulia. Damiani aliporudi malishoni, alimweleza yote.

Mkataba wa Damiani wa Kongwa ulikuwa umekwisha mwaka huo, naye alikuwa amerudi nyumbani moja kwa moja. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza hadi mwisho, akakuna kichwa.

“Kristina, mume wa dada yangu? Mtu aliyenifundisha kutembea porini?”

“Sisemi alikufundisha nini. Nasema nimesikia kwa masikio yangu. Nataka mtoto huyu aishi, Damiani. Hilo tu. Ama huo mti utoke ndani ya chungu, ama mimi niende kwa mama yangu Kilimatinde, na nikienda sirudi.”

Huenda Damiani angeliacha jambo hilo lilale. Lakini Elina hakuwa mtu wa kulaza jambo, na kabla ya wiki kwisha lilikuwa limemfikia Jumbe Mughwai. Jumbe alikuja mwenyewe, akakataa kigoda, akazungumza akiwa amesimama.

“Mimi sitaki kelele katika eneo langu. Bwana Shauri wa wilaya akisikia kuna mtu anatajwa kwa uchawi, atamhamisha, ampeleke asikojulikana. Mzee mwenyewe mnaona mguu wake. Yamalizeni wenyewe hapa nyumbani kabla ya Jumapili. Mkishindwa, nitayapeleka mbele.”

Simeoni alikuwa ameketi hatua chache kutoka pale, akisikia kila neno. Hakuinua kichwa.

Asubuhi iliyofuata Damiani alimwendea nyuma ya ghala. Kristina alisimama nyuma ya mumewe, mikono juu ya tumbo.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba, Damiani.”

“Shemeji, tuna ombi. Huu mkuyu utoke kwenye chungu. Upandwe chini, ukue kama miti mingine.”

Mzee alitazama chungu. Kidonda cha tawi lililokatika alikuwa amekipaka udongo.

“Huyu mkimtoa sasa atakufa,” alisema.

Kristina alipiga kelele. Mbuzi walikimbia. Damiani, ambaye hakuwahi kumpandishia mzee sauti, alimpandishia.

“Nani atakufa?”

“Huyu.”

“Huyu nani, shemeji? Mtaje jina!”

“Mkuyu. Si huyu hapa?” Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine, hajui ametukana nini.

“Mkuyu ni huu!” Damiani alisema, akikipiga chungu kwa kidole. “Mti ni huu! Mtu ndiye huyu! Umemtisha mke wangu siku hizi zote kwa huyu, huyu, huyu!”

Simeoni akaanza kuelewa, na uso wake ukashuka.

“Sisi warina wa kule tunasema hivyo,” alisema polepole. “Unapanda mti kutundika mzinga, roho yako iko mikononi mwake. Unamwomba. Akitaka anakubeba, akikataa anakutupa. Mimi alinitupa. Leo nimwite ‘huu’, kama mwiko wa ugali?”

“Na kumfunga?” Kristina aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumkabili. “Nimekusikia ukisema umemfunga.”

“Nimemfunga waya. Tawi lishuke. Mvua zikikolea nauondoa.”

“Na mbona kila nikishika mimba unachimba mti?”

Mzee alifikiri. “Mimi nachimba mvua za kwanza zinapokaribia, miti inapotaka kuamka. Ukimchimba kiangazi hakusamehe. Kuhusu mimba zako, shemeji, mimi siijui saa yake.”

Damiani alihesabu kimoyomoyo. Kila mwaka alipewa likizo kiangazi, akakaa nyumbani wiki chache, akarudi Kongwa. Mvua zilipokaribia, tumbo la mkewe lilikuwa limeanza kuonekana. Alicheka ghafla, kicheko cha aibu.

“Basi mchawi ni mkataba wangu!”

Kristina hakucheka. “Hata mchawi hakosi sababu nzuri,” alisema.

Simeoni hakujitetea zaidi. Aliinama kwa shida, akakinyanyua chungu cha mpingo, akakiweka mbele yake kwenye mwanga. Alikigeuza kidogo, akakigeuza tena, mpaka akaridhika.

“Mtazame, basi. Kama ni uchawi, uonekane.”

Kristina alikuwa ameuchungulia mti ule miaka mitatu, lakini hakuwahi kuutazama. Upande mmoja ulikuwa umekufa. Ulikuwa umeachwa bila gome, ukachongwa na kusuguliwa hadi ule weusi wa moyo wa mpingo ukatokea, mweusi wa kung’aa, ukijipinda kwenda juu na kuishia katika ncha zilizo wazi kama vidole vinavyoomba. Na kando ya weusi ule ulipanda ukanda mmoja wa gome hai, mwembamba kuliko kiganja, ukizunguka mfu na kutokea nyuma yake, na juu kabisa ukabeba kichaka cha majani mabichi. Ulikuwa kama mti mkubwa uliokaa kilimani karne nzima ukipigwa na upepo, isipokuwa ungeweza kuukumbatia.

“Nilipomkuta alikuwa hivi, upande umekufa,” Simeoni alisema. “Mbuzi, au moto, sijui. Mimi nimeua miti mingi. Mzinga wa gome unautoa kwenye mti mzima. Unamzungushia kisu, unamvua, anakufa amesimama. Siku moja sikumaliza kuzungusha, mvua ilinikimbiza. Mwaka uliofuata nikakuta ule ukanda nilioubakiza umebeba majani. Nikajua mti anaweza kuishi na mfu wake mgongoni. Watu hukata upande uliokufa wakautupa. Mimi naona ndio unaoonyesha alikopita. Kwa hiyo naufuata kwa kisu, pole pole, vile ulivyokuwa umejipinda wenyewe. Sina kingine ninachofanya. Siwezi kukwea miti tena. Hawa hawanitupi.”

Kristina aliwaza juu ya mahali nyuma ya nyumba ambapo alipita kila siku bila kusimama. Alitaka kusema kwamba mti ni mzuri. Neno lilifika kooni, akaliogopa. Nani anajua anaposifia kitu kama hicho anakuwa amekubali nini?

“Ni sawa,” alisema. “Lakini mkuyu upandwe chini.”

Simeoni alimtazama tumbo, kisha uso. “Mizizi yake ni michache. Nimeikata juzi tu. Na hapa chini kuna mchwa. Majivu haya nimewawekea wao. Nikimpanda akafa, wewe utasema nini, shemeji? Ndiyo maana nilikataa. Si kwa ajili yake. Kwa ajili yako.”

“Panda.”

Akaupanda. Alichimba shimo kwa mikono yake mwenyewe karibu na zizi, akauondoa waya uliobaki, akazungushia majivu. Kristina alisimama hapo hadi mwisho, ahakikishe hakuna kitu kingine kilichotiwa shimoni. Jumbe alipopita Jumapili akaonyeshwa mti ardhini, akaridhika, akaenda zake.

Kristina aliumwagilia mwenyewe, asubuhi na jioni, hata siku za mvua. Mwezi wa kwanza mkuyu ulitoa jani moja jipya, na usiku huo alilala usingizi mzito. Kisha majani yakaanza kuwa manjano. Njia nyembamba za udongo zikapanda kwenye shina. Alizikwangua kwa ukucha, akamwaga majivu ya jikoni, kesho yake zikawa zimerudi. Alimwita Simeoni bila kujali nani anamwona. Mzee alipiga magoti, akakwangua gome kidogo. Chini yake hapakuwa na maziwa.

“Amekwenda,” alisema.

Ilibaki kama mwezi mmoja ajifungue. Kristina aliacha kuzungumza. Nguo za mtoto alizokuwa ameanza kuzitenga alizirudisha kwenye kikapu. Kila asubuhi alingoja teke la mtoto kabla ya kushusha miguu kitandani, na teke lilipokuja alijiambia kwamba ndilo la mwisho. Damiani alimwambia maneno mengi ya kumtia moyo, yakampita. Naye Simeoni alikunja blanketi lake, akaweka kisu juu yake, akaviweka karibu na mlango. Hakumwambia mtu kwa nini, lakini wote walielewa. Akizikwa mtoto wa tatu, hakuwa na haja ya kumngoja Bwana Shauri.

Uchungu ulimshika mchana, wakati wa kupalilia. Wanawake wakaja. Damiani alifukuzwa akakae zizini, akamkuta Simeoni huko tayari, ameketi chini karibu na mti mkavu, mikono kichwani. Jua lilikuwa limeanza kulala waliposikia mtoto akilia. Alilia kwa hasira, bila kupumzika, kama mtu aliyedhulumiwa. Simeoni alifunika uso.

Alikuwa msichana. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, naye akinyonya kwa pupa. Mti umekufa, mtoto yu hai. Kristina alilirudia jambo hilo moyoni kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu, na kila alipokanyaga, halikuvunjika. Mti ulikuwa mti. Mchwa walikuwa mchwa. Siku aliyotoka nje na mtoto, alikwenda kwanza kwa mzee, akamweka mtoto mikononi mwake.

“Mshike huyu,” alisema, na mzee akacheka hadi akakohoa.

Lakini Elina naye alikuwa amefikiri, na alifika kwingine kabisa.

“Mti umekufa badala ya mtoto!” aliwaambia wanawake mnadani. “Mzee ameugeuzia kifo. Na sisi tulitaka kumfukuza!”

Basi wakaanza kuja. Mmoja alileta mtoto mwenye kikohozi, mwingine alitaka mti wa mume aliyekwenda mashamba ya mkonge akanyamaza. Simeoni aliwaambia yeye si mganga. “Ndivyo waganga wa kweli wasemavyo,” walijibu, wakamwachia kuku. Hakuna aliyeitazama miti. Waliisalimia kwa mbali, wakaongea na mzee macho yakiwa chini. Jioni moja alimwambia Kristina kwamba afadhali wakati ule wa uchawi. Wakati ule angalau walichungulia.

Mwisho Elina alikuja mwenyewe, na mjukuu wake mgongoni, mtoto aliyepita umri wa kutembea na bado anatambaa. Simeoni alikuwa kisimani. Kristina alikuwa anamwogesha binti yake kwenye beseni.

“Wifi, mimi si mtu wa mbali. Nipatie kidogo ya ule mkuyu.”

“Haupo, wifi. Na haukuwa dawa.”

“Shina lake?”

“Mkuyu ukifa unakuwa laini, hauchongeki. Mzee aliupasua kuni. Nimechemshia maji ya mtoto.”

Elina alitazama maji yale ndani ya beseni. Alimtazama mtoto, mnono, aking’aa.

“Umemwogesha kwa moto wa mti ule,” alisema kwa sauti ya chini. “Halafu unaniambia haukuwa dawa. Nipe hata majivu, basi.”

“Nimesafisha jiko. Wifi, sikiliza, ulikuwa mti tu.”

“Umejifunza kwake,” Elina alisema, akijifunga upya mbeleko. “Umeshapata wako, sasa umekuwa mchoyo.”

Baada ya hapo wanawake hawakumwendea tena Simeoni peke yake. Walisimama mpakani mwa shamba wakimtazama Kristina akipepeta, anamwaga wapi makapi, anachota nini kwa mkono gani. Alipokwenda mnadani, mazungumzo yalikatika. Alijua kabisa wanavyohesabu. Alikuwa amehesabu vivyo hivyo.

Siku ya mnada iliyofuata, alimfunga mtoto mgongoni, akaenda nyuma ya ghala, akakikumbatia chungu cha mpingo. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Alikibeba, akipumzika mara mbili, mpaka kandokando ya njia wanapopita watu wote waendao mnadani. Akakiweka juu ya jiwe. Akakigeuza, akarudi nyuma kukitazama, akakigeuza tena mpaka upande mweusi ukawa mbele na ule ukanda hai ukaonekana unatokea nyuma yake. Kisha akatandika mkeka, akaketi.

“Karibuni mtazame,” aliwaambia wapitao. “Hakuna cha kuchukua. Ni wa kutazama tu.”

Walipita upande wa pili wa njia, wakiharakisha. Wengine walitema mate. Mwanamume mmoja mwenye punda alipunguza mwendo, punda akakataa kusimama. Jua lilikuwa kali, Kristina akamfunika mtoto kichwa.

Elina alipita akienda, hakusalimu. Akirudi, kikapu kichwani na mjukuu mgongoni, alipita tena, akafika mbele kidogo, akasimama. Alirudi hatua chache. Aliutazama mti kutoka alipokuwa, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kikapu kikiyumba.

“Mbona huku ni mweusi hivi,” aliuliza, “na juu una majani?”

Kristina alisogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka.

“Kaa, wifi, nikueleze.”

“Nitasimama,” Elina alisema. “Eleza.”